Dada, ulikuta nini?



Leo hatukuja kulilia minervale, hiyo tumeshalia sana. Tunakuja juu ya ndagala.

Mmoja wetu anasomea biolojia. Kwa kazi yake ya mwisho alipima urefu wa ndagala pale Kalundu, kila alfajiri, mitumbwi ikirudi na taa zake. Rula ni ile ya sekondari. Mizani aliazima kwa mama muuza samaki. Chuo kilimpa barua yenye muhuri, basi. Siku alizopanda mtumbwi alilipa mafuta kwa pesa ya kusuka nywele, na aliingia ziwani bila jile. Hatukujua mpaka alipotuambia, na hapo sisi pia tuko na kosa.

Wavuvi njo walimsaidia: kila siku konzi moja ya samaki, bure.

Akatetea kazi yake, tukapiga makofi, kitabu kikafungiwa kabatini. Mpaka leo wavuvi wanamuuliza: dada, ulikuta nini?

Ziwa hili ni la nchi 4. Mwaka 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba zetu, kisha ziwa nalo likapanda. Uvira tuko na kituo cha utafiti wa maji, CRH, lakini macho ya wanafunzi yanahitajika pia.

Tunaomba chuo kifungue kabati. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe bandarini. Na jile kwa kila mwanafunzi anayeingia majini.

Barua tunaipeleka kesho. Saa mbili asubuhi, mbele ya mlango wa chuo.