Wazee Wetu wa Elimu Waliipima Ardhi



Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama ni kufuru kusema ardhi ni mviringo. Nikamkemea; leo naujutia ukali ule.

Wayunani walilijua jambo hilo zamani. Kisha Khalifa al-Maamun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833, aliwatuma wanavyuoni nyika ya Sinjar, Iraki. Imepokewa kwamba walishika njia ya kaskazini hata kimo cha nyota kikazidi digrii moja, wakaupima mwendo ule, wakauzidisha mara 360. Lau ardhi ingalikuwa bapa, nyota isingalipanda.

Kwa mviringo huohuo twahesabu mwelekeo wa Kibla. Basi mtoto akiuliza, tumjibu kwa elimu, si kwa fimbo.

Wabillahi taufiki.