Barafu Irudipo Nyuma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya jiografia, somo nililolisoma Chuo Kikuu kabla ya kuingia katika kazi ya Serikali. Nimechagua mahali pamoja tu, napo ni mbali: Glacier Bay, ghuba iliyoko katika jimbo la Alaska, Marekani.

Barafu ya Kilimanjaro mnaijua. Hiyo huishia kwenye mawe. Ile ya Alaska ni mito ya barafu, yaani barafu nzito iteremkayo polepole kutoka milimani, na mingine huingia baharini kabisa. Hapo ncha yake hukatika mapande makubwa kama nyumba, yakaelea.

Mabaharia wa George Vancouver walipoipima pwani ile mwaka 1794, hawakuona ghuba ya maana. Waliona kihori cha kilomita 8 hivi, kisha ukuta wa barafu. John Muir alipofika mwaka 1879, ukuta ulikuwa umerudi nyuma zaidi ya kilomita 48. Mwaka 1916 ulikuwa kilomita 105 kutoka mdomo wa ghuba.

Mtasema ni joto. Joto limo, lakini si joto peke yake. Mto wa barafu uingiao baharini hulundika mbele yake mawe, mchanga na tope, na kifusi hicho huwa kama boma chini ya maji. Barafu ikiegemea boma lake, katika kina kifupi, hukaa. Ikirudi nyuma hata kidogo ikaliacha, hujikuta katika kina kirefu; maji huila kwa chini, na mapande hukatika upesi kuliko theluji mpya inavyoweza kuyafidia. Haitulii mpaka ipate kina kifupi tena. Ndiyo maana mto wa Johns Hopkins, katika ghuba hiyo hiyo, ulisonga mbele miaka mingi ya karne ya 20 hali jirani zake wakirudi nyuma. Atakayewaonyesha mto huo mmoja ili akanushe kwamba dunia inapata joto, msimsikilize. Barafu ya Alaska kwa jumla inapungua.

Tena nchi yenyewe, ikishatuliwa mzigo ule, huinuka. Huko inapanda karibu sentimita 3 kwa mwaka, na palipokuwa ufuko sasa huota majani.

Mwaka huo wa 1916 William Cooper, mtaalamu wa mimea, alipima viwanja vidogo juu ya changarawe tupu, akaandika kila kilichoota. Vitabu vya shule vikaja kufundisha utaratibu safi: kwanza kuvumwani na mimea itambaayo, kisha vichaka virutubishavyo udongo kwa naitrojeni, mwisho msitu wa miti jamii ya msonobari. Viwanja vile vilipotafutwa na kuonekana tena mwaka 2016, vilionyesha kwamba mambo si safi hivyo: mmea uliobahatika kuwahi mahali uliweza kuwazuia wengine kwa miaka mingi. Asingaliandika Cooper, tungaliendelea kukariri.

Sasa, sisi wa maofisini tukiona ardhi mpya kwenye ramani huipenda sana, maana twaiona haina mwenyewe. Ile ilikuwa na wenyewe. Watu wa Huna Tlingit walikuwa na vijiji humo mpaka karne ya 18, barafu iliposonga mbele ikawafukuza. Na masimulizi ya wazee wao juu ya jambo hilo yanaafikiana na waliyoyaona wanajiolojia. Barafu ilipoondoka, Serikali ya Marekani iliifanya nchi ile hifadhi mwaka 1925. Baadaye wakakatazwa hata kuokota mayai ya shakwe, chakula chao tangu zamani. Sheria ya kuwaruhusu ilipitishwa mwaka 2014, na mwaka 2016 ikafunguliwa nyumba ya koo zao pale Bartlett Cove, ndani ya ghuba.

Wanafunzi wenye maswali nitawasikiliza baada ya chakula.