Ardhi ya Hospitali na Haki ya Mwenye Kiwanja

Nchini Tanzania, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, yaani matumizi yanayowafaa watu wote, na ujenzi wa hospitali ya serikali huingia humo bila ubishi. Mamlaka hayo hayafuti haki ya mwenye ardhi, kwa kuwa ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria inayoweka fidia inayostahili.

Fidia hiyo si bei ya nyumba peke yake. Mthamini, yaani mtaalamu aliyesajiliwa wa kukadiria thamani ya mali, hupita shambani akihesabu mnazi mmoja mmoja, na juu ya thamani ya soko huongezwa posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba ya mwezi mmoja mara miezi 36. Kinachoumiza zaidi ni kuchelewa, maana familia ambayo ukuta wake umekwisha kuwekwa alama haithubutu kupanda wala kujenga. Ndiyo maana Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, na ikichelewa izae riba.

Mwenye ardhi asitie saini fomu ya uthamini kabla ya kuisoma mstari kwa mstari, na abaki na nakala yake.