Jina Moja, Dutu Nyingi: Lebo ya Vitamini A katika Vidonge na Vipodozi

(Mada kwa semina ya wafamasia na wakaguzi)

Maana ya vitamini A mnaijua, nami sitawachosha nayo. Inahitajika na macho, kinga na ngozi. Mwili huipata ikiwa retinoli katika ini, mayai na maziwa, au huitengeneza kutokana na beta-karotini ya mchicha na viazi lishe. Mwaka 1947 Otto Isler na wenzake huko Basel walipata njia ya kuiunda kiwandani, na ya kiwandani ndiyo tunayokutana nayo leo katika vidonge, mafuta ya kula yaliyoongezwa virutubishi na krimu.

Hoja yangu ni lebo. Lebo ikisema “vitamini A” tu, haijasema kitu. Beta-karotini hugeuzwa na mwili kwa kadiri ya mahitaji, na haihusishwi na ulemavu wa watoto tumboni. Retinili palmitati, aina ya retinoli, huingia ikiwa tayari, na ziada yake hulimbikizwa kwenye ini. Tretinoini, yaani asidi ya vitamini A, ni dawa ya cheti cha daktari. Mwanamke mwenye mimba changa, ambaye pengine hajajijua, hununua vyote hivyo kwa jina moja. Utafiti wa Rothman na wenzake, Marekani, 1995, ulikadiria kwamba kwa waliomeza zaidi ya uniti za kimataifa (IU) 10,000 za retinoli kwa siku kutoka kwenye vidonge, mtoto 1 kati ya 57 alipata kasoro ya kuzaliwa iliyotokana na vidonge hivyo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi mjamzito avuke uniti 10,000 kwa siku, yaani mikrogramu 3,000. Atajumlishaje, ikiwa kopo moja limeandikwa uniti, la pili mikrogramu, na la tatu halina hesabu yoyote?

Wapo wasemao tatizo ni “kemikali”, na kwamba vitamini A ya asili haidhuru. Sikubaliani nao. Retinoli ya kiwandani na ya ini ni molekuli ileile. Ndiyo maana Uingereza huwaonya wajawazito wasile ini wala kumeza mafuta ya ini la samaki. Kinachodhuru ni umbo na kiasi. Wengine husema ngozi hupitisha retinoli kidogo mno kutoka kwenye krimu. Ni kweli, lakini kidogo hicho huongezwa juu ya chakula na vidonge, na kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka ukomo wa retinoli: asilimia 0.3 kwa krimu za uso, 0.05 kwa losheni za mwili. Tretinoini imepigwa marufuku kabisa katika vipodozi vyao.

Hapa ndipo penye mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Kuchanganya haidrokwinoni, steroidi na tretinoini kulianza kama tiba ya madoa, fomula ya daktari wa ngozi Kligman ya 1975, chini ya jicho la daktari. Saluni haina jicho hilo wala mizani. Na hapa Tanzania, tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa heshima zote kwa taasisi hizi, kopo lenye dawa ndani na sura ya kipodozi nje linadai mikono yote miwili, na jambo hili limesemwa semina baada ya semina.

Yupo atakayehofu kwamba maneno haya yatawafanya akina mama wakatae matone ya vitamini A ya watoto. Matone hayo yana kipimo kinachojulikana, uniti 100,000 kwa miezi 6 hadi 11 na 200,000 kwa miezi 12 hadi 59, na hutolewa na mtu aliyefunzwa. Kusema wazi hakuzai uvumi; usiri ndio unaouzaa.

Napendekeza basi: lebo itaje umbo la vitamini A, si jina tu, itaje kiasi kwa mikrogramu, onyo kwa wajawazito liwe kwa Kiswahili, mbele ya kopo, mfamasia aulize kuhusu mimba kabla ya kuuza retinoli yoyote, krimu nazo, nasisitiza, zitaje umbo na kiasi kama vidonge, saluni zifikiwe kwa elimu kabla ya faini, maabara zipime tretinoini, si zebaki na haidrokwinoni pekee. Na mkaguzi akiikuta tretinoini kwenye krimu ya dukani, asiliache kopo rafuni kwa kuwa si la idara yake: alizuie kwanza, kisha taasisi ziandikiane.