Jina na Uhai: Nyuki wa Wallace na Kipepeo wa Dhahabu

Mhadhara huu unawalinganisha wadudu wawili wa kisiwa kimoja, Bacan, katika Maluku ya Kaskazini, Indonesia. Wote wawili walikusanywa huko na Mwingereza Alfred Russel Wallace kati ya mwaka 1858 na 1859. Suala linalochunguzwa ni hili: jina la kiumbe hufichua nini, na huficha nini?

Wa kwanza ni kipepeo Ornithoptera croesus, ambaye dume wake ana mabawa meusi yenye mabaka ya rangi ya dhahabu. Alipewa jina la Croesus, mfalme wa Lydia aliyesifika kwa utajiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1869, Wallace alieleza kwa kirefu msisimko alioupata alipomkamata.

Wa pili ni nyuki Megachile pluto, mkubwa kuliko nyuki wote wanaojulikana. Jike hufikia urefu wa takriban milimita 38. Huyu Wallace alimtaja kwa maneno machache tu. Pluto ni mungu wa kuzimu wa Warumi wa kale, ingawa asili ya jina hilo ni neno la Kiyunani lenye maana ya utajiri.

Kiswahili nacho kina mtazamo wake. Kipepeo ametajwa kwa mwendo wake, kutokana na kitenzi pepea. Nyuki ni neno la kale la Kibantu, nalo huandamana na asali, nta na mzinga. Nyuki wa Bacan hamo katika picha hiyo: jike hutengeneza kiota ndani ya makazi ya mchwa yaliyo mitini, akikiimarisha kwa utomvu.

Baada ya Wallace, wanasayansi hawakumwona tena hadi mwaka 1981, Adam Messer alipovipata viota vyake. Hata hivyo, wenyeji walikuwa na jina lake: raja ofu, yaani mfalme wa nyuki. Alikuwa amepotea vitabuni, si vinywani mwa watu.

Umaarufu nao una hatari zake. Biashara ya kimataifa ya kipepeo huyo inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Lakini mwaka 2018 nyuki mmoja aliyekaushwa aliuzwa kwa dola 9,100 za Marekani, na misitu yake inaendelea kufyekwa.

Funzo kwa watunzi wa kamusi za Kiswahili ni bayana. Kuandika "aina ya mdudu" hakutoshi. Warina asali na wakulima wanajua kila mdudu anakaa wapi, anakula nini na huonekana majira gani. Maarifa hayo hayana budi kukusanywa pamoja na majina yenyewe, wajuzi wake wakiwa bado hai.