Jina la Embe Kesar



Kwa miaka mingi wateja wamekuwa wakiniuliza dukani maana ya jina la embe Kesar. Ujanani nilijibu kwa fahari kwamba ni jina la dini yetu. Kesar kwa Kigujarati ni zafarani, ambayo sisi huichanganya na sandali na kuipaka katika paji la uso wakati wa ibada. Maana ya neno niliijua, lakini asili ya jina sikuijua.

Siku moja jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye jadi yake ni Junagadh kama yetu, alinisikia. Akangoja mteja aondoke, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, kamwulize baba yako vizuri."

Baba alinieleza. Mwaka 1931 Waziri Saleh Bhai alipanda embe hilo huko Vanthali. Baadaye miche ipatayo 75 ikapandwa katika shamba la Lal Dori, chini ya Mlima Girnar, mlima mtakatifu kwa Wahindu na Wajaini. Mwaka 1934 Nawabu Muhammad Mahabat Khan wa Tatu, mtawala wa Junagadh, alipoiona nyama ya embe hilo, akaifananisha na zafarani na kuliita Kesar. Basi aliyelipanda ni Mwislamu, na aliyelipa jina ni Mwislamu.

Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanyika, naye Nawabu akahamia Pakistani. Chuki ilikuwa nyingi siku zile, lakini jina la embe halikubadilishwa. Mwaka 2011 Uhindi ikalisajili kisheria kama Gir Kesar.

Wakulima wanajua kwamba kokwa la Kesar halina hakika ya kuzaa Kesar. Sharti kikonyo kibebeshwe juu ya shina la mwembe mwingine, na shina hilo likikikataa, hakuna embe.

Mzee yule amekwisha kufariki. Angeweza kuniaibisha mbele ya mteja, akanisitiri. Sikuwahi kumshukuru hadharani. Leo namshukuru mbele ya watoto wake na wajukuu wake, ambao wamekubali mwaliko wetu.

Vijana, mkiulizwa maana ya Kesar, semeni ni zafarani. Kisha msiishie hapo, simulieni na habari iliyobaki.