Uboho Ukishapandikizwa, Tusifunge Kitabu

Leo nazungumza juu ya harambee za matibabu. Mgonjwa wa saratani ya damu akiambiwa anahitaji kupandikizwa uboho, mara nyingine familia huamua kumpeleka India, na kadi ya mchango inatufikia. Tunachanga, anaenda, akirudi tunapiga vigelegele na kufunga kitabu. Mimi nasema: kitabu kisifungwe bado.

Uboho ni ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Madaktari huua seli mbovu kwa dawa kali, pengine na miale pia, halafu mgonjwa anatiwa kwa mshipa seli za mtu mwingine zinazozaa damu mpya. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kwa nne ya kulingana naye kabisa. Mmarekani E. Donnall Thomas, mmoja wa walioanzisha tiba hii, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Sasa, wakulima wa maembe mtanielewa upesi. Ukipandikiza kitawi cha embe la kisasa juu ya mche wa kienyeji, kwanza unangoja uone kama kimeshika. Halafu unachunga machipukizi yanayotoka chini ya kiungo, maana hayo ni ya mti wa zamani. Ukiyaacha, yatakishinda kile kitawi.

Kwa mgonjwa ni vivyo hivyo. Mara nyingi uboho hushika kati ya wiki 2 na 4. Chembe nyeupe za kupigana na vijidudu zikifika 500 katika kila mikrolita ya damu kwa siku 3 mfululizo, daktari husema umeshika. Lakini hesabu hiyo haisemi damu ni ya nani. Hapo ndipo kipimo cha DNA kinahitajika. Huonyesha ni asilimia ngapi ya seli imetoka kwa mtoaji, na ngapi ni za mgonjwa mwenyewe. Hurudiwa, kwa mfano mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na baada ya mwaka.

Kwa saratani ya damu, seli za mgonjwa zikizidi kupanda kipimo baada ya kipimo, hiyo ni kengele. Pengine ugonjwa unarudi, au pandikizo linashindwa. Si hukumu, kwa sababu daktari atapima tena. Akigundua mapema, anaweza kupunguza dawa za kutuliza kinga, au kuomba chembe nyeupe zaidi kwa yule yule mtoaji. Chembe hizo zinaweza kushambulia saratani, ingawa zinaweza kuumiza mwili pia.

Tusilinganishe wagonjwa ovyo. Kwa mwenye selimundu, hata asilimia 20 hivi ya seli za mtoaji, zikidumu, zinaweza kumtosha.

Jameni, hatari iko hapa: saratani ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, wakati mgonjwa amenenepa na watu wanauliza, "Nauli tena ya nini?" Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo, kila kikundi kifanye haya:

1. Bajeti ya harambee iwe na vipimo, dawa na nauli za miaka 2, si tikiti ya ndege na hospitali tu.

2. Karatasi zote, pamoja na majibu ya DNA ya mgonjwa na mtoaji ya kabla ya kupandikiza, zitolewe nakala na kutunzwa. Bila kujua DNA ya kila mmoja, maabara haiwezi kutenganisha damu ya nani ni ipi.

3. Mtoaji ajulikane aliko. Anaweza kuhitajika tena.

4. Mgonjwa asiache dawa kwa kujiona mzima, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

5. Anayemsindikiza amwulize daktari: "Sehemu ya mtoaji ni asilimia ngapi leo? Mara ya mwisho ilikuwa ngapi?" Aandike majibu.

Mkirudi nyumbani, ulizeni kama kuna mgonjwa tuliyemchangia ambaye tarehe yake ya kipimo imepita. Tuanze na huyo.